Suti za zimamoto zisizo na PFAS: nimezivaa kazini, na hili ndilo ningependa madiwani walijue kabla ya kupiga kura

Baraza la jiji letu linajadili pendekezo la kutununulia sisi askari wa zimamoto suti zisizo na PFAS, yaani kemikali zisizovunjika kirahisi. Nianze na uamuzi wangu, maana najua wengine mna haraka: suti mpya inafaa. Nimeingia nayo kwenye moto wa nyumba, nimeivaa barabarani kwenye ajali za magari, imefuliwa na kurudi kabatini, na bado naitaka. Ila ina upungufu mmoja mkubwa ambao muuzaji hakuugusia alipotuletea za majaribio. Upungufu huo ndio unaopaswa kuliongoza baraza la jiji katika kupanga fedha, na kwenye mjadala hadi sasa haujapewa nafasi.

Kwa wasioifahamu kazi hii, koti na suruali ya zimamoto vina tabaka tatu. La nje ni kitambaa kigumu kisichoshika moto haraka. Katikati kuna utando mwembamba unaozuia maji yasiingie huku ukiruhusu mvuke wa jasho kutoka. Ndani kabisa ni bitana nene ya kukinga joto. Kwa miaka mingi utando ule wa kati umetengenezwa kwa PTFE, ambayo ni mojawapo ya PFAS, na kitambaa cha nje kimepakwa dawa ya PFAS ili maji na mafuta yateleze juu yake. PFAS ni maelfu ya kemikali ambamo kaboni na florini zimeshikamana kwa nguvu kiasi kwamba hazivunjiki kirahisi, iwe ardhini au mwilini mwa mtu. Hizo ndizo tumekuwa tukijifunika nazo shingoni, kwapani na mapajani, tena tukiwa tumelowa jasho.

Wanaouliza ushahidi uko wapi wana haki ya kuuliza. Nchini Marekani, Diane Cotter, ambaye mumewe ni askari wa zimamoto aliyepata saratani ya tezi dume, alihangaika kutafuta mtaalamu wa kupima nguo za kazi za aina aliyovaa mumewe. Akampata Graham Peaslee wa University of Notre Dame, na mwaka 2020 vipimo vikachapishwa: florini ilikuwa nyingi mno kwenye vitambaa hivyo. Mwaka 2024 taasisi ya viwango ya nchi hiyo, NIST, ikaonyesha kwamba kitambaa kikisuguliwa na kupigwa na joto, PFAS zinazopatikana ndani yake mara nyingi huongezeka. Kwa hiyo suti inayochakaa ndiyo inayotia wasiwasi zaidi, na vituo vingi vimejaa suti zilizochakaa.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya zimamoto mwaka 2022 kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Mwaka 2023 likaiweka PFOA, mojawapo ya PFAS, kwenye kundi hilohilo. Sisemi kwamba nguo ndizo zinazotuua. Moshi, masizi na asbesto vina sehemu yao, na huenda ndiyo kubwa. Lakini moshi ni lazima tuukabili, ndiyo kazi yenyewe. Nguo tunachaguliwa na watu waliokaa mezani.

Mtu anaweza kushangaa kwa nini mbadala umechelewa hivyo. Sehemu ya jibu iko kwenye viwango vya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, vinavyofuatwa na watengenezaji wengi. Kwa miaka mingi vilitaka utando wa kati uvumilie saa 40 za mwanga wa urujuanimno. Utando huo unakaa katikati ya koti, pasipofika jua! Chama cha askari wa zimamoto, IAFF, kilifungua kesi mwaka 2023 kikidai kwamba kipimo hicho kilikuwa kinawalazimisha kuvaa PFAS, kwa sababu utando wa aina nyingine ulikuwa haukipiti.

Sasa suti yenyewe. Ukiivaa mara ya kwanza unahisi wepesi. Magoti yanakunjika vizuri unapotambaa, kola inakaa shingoni bila kukwaruza, na mifuko iko pale ambapo mkono wenye glovu unaifikia. Maji hayakunipenya hata nilipofanya kazi chini ya mpira wa maji unaovuja. Joto la moto imelizuia kama ile ya zamani, sikuona tofauti. Kwenye ngazi, mpira begani na mtungi wa hewa mgongoni, nilihisi jasho linatoka kwa shida zaidi kidogo kuliko nilivyozoea. Mkuu wa kikosi anayenunua suti hizi apange mapumziko na maji ya kunywa kwa kulizingatia hilo, maana joto la mwili linaangusha askari hata pasipo moto karibu.

Upungufu niliosema niliuona kwenye ajali ya lori. Dizeli ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye tangi lililopasuka, na ilinirukia pajani nikiwa nimepiga goti kushikilia kifaa cha kukatia chuma. Kwenye suti ya zamani, tone la mafuta hujikusanya kama maji juu ya jani la mgomba, ukikung'uta linadondoka. Hii mpya ililinywa. Doa lilianza dogo, likatanuka mbele ya macho yangu hadi likapita upana wa kiganja, na kitambaa kikawa cheusi. Kiongozi wa zamu aliliona kabla sijasema neno. "Toka nje ya mstari, vua, mwenzako atashika." Nikatoka. Kitambaa kilicholowa dizeli ni utambi, haijalishi lebo inasema nini.

Watafiti wa North Carolina State University walishaliona jambo hili maabara: dawa mpya zisizo na PFAS zinazuia maji vizuri, ila mafuta zinayaachia yapenye. Huo ndio ukweli wa bidhaa hii, na ningependa kila diwani ausikie kutoka kwa anayeivaa, kabla hajausikia kutoka kwa anayepinga matumizi ya fedha. Dawa ya tatizo hili inajulikana. Suti ikilowa mafuta inavuliwa, inafuliwa kwenye mashine maalumu, inakauka kivulini kwenye hewa ya kutosha, na ndipo inarudi kazini. Askari aliyeivua lazima awe na nyingine ya kuvaa, kwa sababu kengele haisubiri nguo ikauke.

Hapa ndipo ninapotofautiana na pendekezo lililo mbele ya baraza. Linasema kila askari apewe suti moja mpya, basi, na mashine ya kufulia ifikiriwe kwenye bajeti ijayo. Nilikaa kwenye viti vya wananchi nikisikiliza. Diwani mmoja aliuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini tusitumie za zamani hadi ziishe muda wake. Mheshimiwa, miongozo inayotumika sana inataka suti istaafishwe ikifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama inaonekana nzima. Kituoni kwetu ziko zilizokaribia hapo, bitana imepauka na mshono wa makalioni umeshonwa upya. Kwa hiyo fedha za nguo zitatoka tu, tunachojadili ni nguo gani. Lakini suti moja isiyo na mbadala itamfanya askari arudi kwenye moto na ile yenye mafuta na masizi, na hapo tutakuwa tumeondoa sumu moja na kumwachia nyingine ngozini. Kama fedha hazitoshi kwa kikosi kizima mwaka huu, ningeona ni afadhali kuanza na vituo vyenye kazi nyingi, kila askari suti mbili, mashine ya kufulia ikiwa ndani ya fungu hilohilo, kisha vituo vingine vifuate.

Sehemu nyingine zimeshaamua. Baraza la San Francisco lilipitisha sheria mwaka 2024 inayotaka suti zenye PFAS ziondolewe ifikapo tarehe 30 Juni 2026. Jimbo la Massachusetts nalo limepiga marufuku uuzaji wa suti zilizoongezwa PFAS kwa makusudi kuanzia Januari 2027. Maana yake wateja wakubwa wapo na watengenezaji wana sababu ya kuboresha, hasa kwenye hilo la mafuta.

Kwenye zabuni, muuzaji adaiwe tamko la maandishi kwa kila tabaka, pamoja na uzi, utepe unaong'aa na velkro. Asiishie kusema "hamna PFAS." Aeleze ameweka nini mahali pake, maana kitambaa kisichoshika moto kinaweza kuwa kimepakwa dawa nyingine ambayo nayo ina maswali yake. Kofia ya kitambaa inayofunika kichwa na shingo inunuliwe pamoja na suti, ile inayozuia chembe za moshi, kwani ngozi ya shingo ni laini na hupata masizi mengi. Vipimo vichukuliwe kwa kila mtu, wanawake wakiwemo. Koti la mwanamume lililofupishwa mikono linaacha nafasi kiunoni, na moshi unapita hapohapo.

Na zile kuukuu zisigawiwe kama msaada kwa vikosi visivyo na uwezo, wala zisipelekwe kwa vijana wa mafunzo. Zikatwe, zihesabiwe, zikabidhiwe kwa wanaoshughulikia taka zenye sumu. Nimeomba kipengele hicho kiandikwe ndani ya azimio lenyewe, kabla ya kura.