TAHADHARI: Nimeuziwa waya wa "kopa tupu" kumbe ndani ni aluminiamu, na ile sumaku ya muuzaji isikudanganye

Jamani kama unajenga au unataka kufanya wayaringi mwaka huu naomba usome hii kabla hujatoa hela. Mimi nimepigwa, ila waliokuwa wanalala ndani ya hiyo nyumba ni mama yangu na watoto wawili wa dada yangu, ndo maana siwezi kukaa kimya.

Mwezi wa tatu nilinunua rola sita za waya wa 2.5 na nne za 1.5 (hizo namba ni unene wa waya kwa milimita za mraba) Kariakoo, za nyumba ya mama Tanga. Duka silitaji maana mzigo wenyewe nimeshauona kwenye maduka mengine matatu, ukilikwepa moja unaangukia lingine. Bei ilikuwa chini sana nikamuuliza mbona rahisi hivi, akasema kaka huu mzigo umetoka kwenye kontena moja kwa moja, kopa tupu. Akachubua ngozi ya waya mbele yangu, shaba inang'aa nyekundu kabisa, akachukua sumaku ya spika akaigusisha, haishiki. "Unaona? Ingekuwa feki ingenasa." Nikaridhika, nikalipa, nikashukuru na kushukuru.

Sasa sikilizeni. Sumaku inanasa chuma. Shaba hainaswi ni kweli, lakini aluminiamu nayo hainaswi, zinki hainaswi, brasi hainaswi, risasi hainaswi. Ile sumaku inamkamata tu aliyepaka shaba juu ya waya wa chuma, na hao wapo, ila aliyevika shaba nyembamba juu ya aluminiamu anapita mbele ya sumaku bila wasiwasi na muuzaji analijua hilo vizuri.

Miezi minne baadaye mama ananipigia, soketi ya friji inanuka kama plastiki inaungua. Nikapanda basi. Fundi akazima mein swichi, akafungua soketi, ngozi ya waya imekuwa ya kahawia na imekakamaa, ile ncha iliyobanwa ina unga mweupe, na skrubu ukiigusa kwa kidole inazunguka yenyewe. Fundi akasema ililegea tu, akaikaza, akafunga. Mimi nikakusanya vipande vilivyobaki toka siku ya kazi nikampelekea kijana mmoja anayenunua skrepa pale mtaani, nikitegemea hela ya kopa. Akachukua tupa, akapiga ile ncha mara tatu nne, akanigeuzia nione. Katikati nyeupe pee, pembeni kaduara kekundu kembamba kama ganda la yai. Akaniambia taratibu tu, "Mjomba, hii naichukua kwa bei ya sufuria."

Miguu iliisha nguvu. Na angalieni hapo kwenye tupa, maana ukikata waya kwa plaizi ile shaba ya juu inaburuzwa inafunika ncha, unaona nyekundu tu unaondoka na furaha yako. Lazima upige tupa au msasa ncha ikae bapa ndo rangi ya ndani ionekane.

Ila kipimo ambacho hakuna muuzaji anaweza kukipindisha ni mzani. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ni karibu gramu 9, ya aluminiamu ni gramu 2.7. Fanya hesabu, waya wa 2.5 wenye urefu wa mita 100 una sentimita 250 za ujazo, kwa hiyo shaba peke yake bila ngozi ni kilo 2 na gramu 240 hivi. Ukiweka na ngozi rola nzima inafika kilo 3 na kidogo. Zangu nilizipima kwa mzani wa muuza nyama, kilo 1 na gramu 800! Na urefu ulikuwa kamili maana niliupima. Wa 1.5 mita 100 shaba yake peke yake ni kama kilo 1 na gramu 340. Nenda na mzani mdogo ule wa kupimia mizigo ya safari, muuzaji akikasirika ushapata jibu lako.

Nilitaka kuwa na uhakika wa mwisho nikaenda kwa dada mmoja anayetengeneza sabuni, anayo kostiki soda. Watengeneza sabuni wote wanajua kostiki huikorogi kwenye sufuria ya aluminiamu, itaila mpaka itoboke, na shaba haiigusi. Tukaweka kipande cha waya kilichochubuliwa ndani ya maji ya kostiki, nje kwenye upepo, chombo wazi. Kwenye ncha zake mbili vikaanza kutoka mapovu madogo madogo, yanazidi, maji yakapata moto. Baadaye sana tukakitoa kwa koleo, tukasuuza, kilichobaki ni kamrija kekundu, ndani tupu, nikakibonyeza kwa kidole kikabonyea. Hicho ndo nilichouziwa kama kopa. (Msijaribu hili kama hamjazoea kostiki, inaunguza ngozi na inapofua macho, na yale mapovu ni gesi ya haidrojeni inayoshika moto, usifunike chombo wala usisogeze kiberiti.)

Kwa nini ni hatari na siyo hasara tu? Kwanza aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 ya shaba, kwa hiyo huo wa 2.5 wenye kashaba ka juu unafanya kazi kama waya wa 1.6 hivi wakati fundi kakupigia hesabu ya 2.5. Pili, na hii ndo iliyotaka kutuunguza, ukiichubua aluminiamu inashika hewa papo hapo inajivika utando mgumu usiopitisha umeme, halafu ikibanwa na skrubu inanywea polepole, na ikipata joto inatanuka kuliko shaba, ikipoa inarudi, kila friji ikiwaka na kuzima skrubu inazidi kulegea. Pakilegea panakuwa na joto, joto linalegeza zaidi. Na breka (ile swichi inayojikata umeme ukizidi) haitashuka, maana umeme unaopita ni ule ule wa kawaida, kinachoungua ni maungio. Tatu, kwetu pwani hewa ina chumvi na unyevu, aluminiamu ikigusana na shaba hapo inaanza kuliwa yenyewe, ndo ule unga mweupe. Ni kama zinki kwenye bati inavyoliwa ili chuma kisishike kutu, ila kwenye bati tumependa wenyewe.

Siisemi vibaya aluminiamu, nyaya nyingi za nguzoni ni hiyo hiyo, lakini zimefungwa kwa vifaa vyake na kila mtu anajua ni nini. Marekani kuanzia 1965 hadi kama 1973 shaba ilipanda bei wakapiga nyumba nyingi waya wa aluminiamu, soketi zikaanza kuungua, na wale walikuwa wanajua walichonunua. Sisi tunafichwa.

Nilirudi dukani na risiti na kile kipande. Nikaambiwa mzigo ukishatoka haurudi, na hata risiti imeandikwa "waya" basi, haijaandikwa kopa. Kwa hiyo mkinunua mlazimishe aandike kopa na urefu wa mita.

Kama umeshapigiwa waya na una wasiwasi, zima mein swichi, mwambie fundi afungue soketi za vitu vizito, friji, pasi, hita, aangalie ngozi iliyobadilika rangi na unga mweupe, na apige tupa ncha moja. Akikwambia akaze tu yaishe, kataa, yangu ilikazwa na wiki tatu mbele ikanuka tena.

Kwa mama tumevuta waya wote tumeweka upya, hela ilikuwa ya bati za jikoni, jiko litasubiri. Rola mbili zilizobaki sikutaka hata kumgawia mtu, nimezikatakata vipande vya mkono mmoja mmoja asije mtu akazipiga kwake, nikampelekea yule kijana wa skrepa. Amenilipa bei ya sufuria.