Mani planti za kando ya barabara: mmea mzuri, udongo wa hovyo

Ukinunua mani planti, ule mtambaa wa nyumbani wenye majani ya mabaka ya njano, kwenye vitalu vya kando ya barabara, Nyali hadi Bamburi, unalipia vitu viwili. Mmea wenyewe kwa kawaida ni mzuri. Udongo uliomo ndani ya karatasi nyeusi haufai kukaa nyumbani.

Asili ya mmea huu ni kisiwa cha Mo'orea, Polinesia ya Kifaransa, kwa hiyo joto na unyevu wa Mombasa hauusumbui. Kinachouua ni maji kutuama. Ule udongo mwekundu ukimwagiliwa mara kadhaa hugandamana: juu mkavu, katikati tope. Mizizi hukosa hewa ikaoza, majani ya chini yakawa manjano. Mwenye nyumba akiona hivyo hudhani una kiu, anaongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza.

Kabla hujalipa, shika shina karibu na udongo ulivute polepole. Likija bila kukataa, hivyo ni vipandikizi vilivyochomekwa majuzi, havijashika. Geuza majani pia. Ukikuta utando mweupe kama pamba penye maungio, hao ni wadudu, chagua mwingine. Bei haina kipimo: yategemea urefu wa mtambaa na ulimi wako.

Ukifika nyumbani uhamishe. Changanya usumba wa makumbi sehemu 2, udongo sehemu 1 na mkaa uliopondwa sehemu 1, vipande vya ukubwa wa punje ya maharagwe. Usumba uloweke usiku kucha, mwaga maji, rudia, maana huwa na chumvi. Mchanga wa ufuoni usiuguse kwa sababu hiyo hiyo. Chungu kiwe na matundu, na kizidi donge la mizizi kwa inchi 1 au 2 tu. Kikubwa mno hukaa na maji ambayo mizizi haiwezi kuyamaliza. Vile vya plastiki vya kuning'iniza vina kisahani kilichobana chini: kibandue kila unapomwagilia, maji yaishe kabisa.

Maji ya kisima yenye chumvi hukausha ncha za majani zikawa kahawia. Ya mvua ni bora. Kama huna ila ya kisima, mara moja moja mimina mengi yapite chini yasafishe udongo. Mwagilia kidole kikiingia mpaka kiungo cha pili bila kukuta unyevu.

Weka karibu na dirisha, mbali na jua kali la alasiri. Gizani haufi, ila mabaka ya njano hufifia na majani huachana.

Ukitaka kuzidisha, kata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea kwenye shina, kila kipande kiwe na jani 1 na kifundo 1, kifundo kizame majini. Jani lisilo na kifundo litakaa kijani wiki nyingi lakini halichipui.

Mmea naupa 5 kati ya 5, udongo 1. Na wenye paka, ambao Mji wa Kale ni wengi, wauning'inize juu: utomvu wake huwasha mdomo na koo, kwa paka na kwa mtoto pia.