Mlio wa "vuuuu" kwenye Corolla ya baba na fundi aliyekataa kuusikiliza

Jamani gari imeshapona, tena imepona muda sasa, ila hasira haijaisha ndo maana naandika. Kila nikishika usukani naukumbuka uso wa yule fundi.

Gari yenyewe ni Corolla 110 ya mwaka 1999, ameniachia marehemu baba, kwa hiyo mtu asije akaniambia uza ununue IST, siuzi. Mlio ulianza kipindi cha masika, siku chache baada ya kupita kwenye maji pale Jangwani. Mara ya kwanza nilidhani upepo, dirisha halijafunga vizuri. Vuuuu, kama ndege inapita mbali. Nikiwa taratibu hakuna kitu, ikifika spidi 60 unaanza, ikifika 80 hata redio husikii vizuri na mtu aliyekaa pembeni inabidi mpaziane sauti.

Mimi nakaa Kibamba, kila siku nashuka mjini na Morogoro Road na kurudi, kwa hiyo hiyo gari naijua kama navyojua mlango wa nyumba yangu. Usiku kile kipande cha njia nane kikiwa cheupe nikawa naijaribu. Nikitoa gia nikaiacha iserereke na frii, mlio upo vilevile, haubadiliki, maana yake siyo injini. Nikipiga resi imesimama, kimya. Nikihama njia kwenda kulia unapanda, nikirudi kushoto unashuka kabisa. Nikasema labda tairi zimekula upande, nikaenda kwa kijana wa pancha akanihamishia za mbele nyuma na za nyuma mbele, mlio haukuhama, umebaki mbele palepale. Yote haya niliyaweka kichwani ili nikifika kwa fundi nimweleze.

Gereji jina lake silitaji, iko maeneo ya Tabata, nilielekezwa na shemeji yangu ambaye yeye anaisifia sana. Nikafika, nikaanza kueleza, fundi mkuu hata hakunyanyua kichwa. Nikasema naomba tuzunguke nayo kidogo barabarani usikie mwenyewe. Ndo akaniangalia akasema, "Dada angu, mi nimeanza kushika spana we uko shule ya msingi, we endesha tu, gari tuachie sisi." Akaitikisa gari kwa mkono pale bampa ya mbele, mara mbili tatu, akasema stabilaiza linki zimekwisha, vile vyuma vidogo vya chini vinavyosaidia gari isilale kwenye kona. Hakuwasha hata gari! Mlio unatokea kwenye 60 barabarani, yeye anatikisa gari imesimama.

Nikabadilisha linki. Na kweli zilikuwa zimekufa, hilo sikatai, ile ngo ngo kwenye matuta iliisha. Lakini mimi sikuja kwa ajili ya ngo ngo, nilikuja na vuuuu, na vuuuu nilirudi nayo nyumbani.

Mara ya pili akasema shokapu. Nikamuuliza shokapu inaliaje hata kwenye lami iliyonyooka kama meza, akajibu "shida yenu mnasoma sana mtandaoni." Hapo kuna kijana mmoja, msaidizi, alikuwa ameinama anaosha vifaa na mafuta ya taa, akasema taratibu tu, "Mzee, hiyo anavyoeleza dada ni beringi ya mbele kushoto," yaani ile ringi ya chuma yenye gololi inayofanya tairi izunguke laini. Yule mzee akamgeukia mbele ya wateja wote, "Nani kakuuliza we? Osha vifaa." Yule dogo akainama akaendelea kuosha. Mimi nikanyamaza, na hilo la kunyamaza linaniuma mpaka leo. Nikalipa shokapu mbili za mtumba laki na 20, pesa ya ufundi elfu 40, nikaondoka, sijamaliza daraja la Ubungo vuuuu hiyo hapo.

Mara ya tatu nimefika mzee ameenda kula. Yule kijana akaangalia kulia kushoto akaleta jeki, akanyanyua mguu wa kushoto, akaniambia dada njoo, weka kiganja hapa kwenye springi, usibane, gusa tu. Akazungusha tairi kwa mkono. Jamani. Nilisikia mtikisiko mdogo mdogo unapita kwenye chuma unaingia kwenye kiganja changu, kama mtu anasaga mchanga ndani. Akashusha akaenda upande wa pili, nikagusa, hamna kitu, laini kabisa. Akanieleza na kwa nini unapanda nikienda kulia, kwamba gari ikikata kulia uzito mwingi unalalia miguu ya kushoto, beringi mbovu ikibebeshwa mzigo inapiga kelele, ukikata kushoto inapumua. Na maji yakipenya kwenye sili grisi inaharibika, chuma kinaanza kulana. Dakika tano, jeki moja na mkono wake basi. Nimezunguka na huo mlio zaidi ya mwezi.

Mzee karudi katukuta. Maneno aliyomwambia yule kijana siyaandiki, ana mama yake. Halafu bila hata aibu akanigeukia, "Haya basi tubadilishe beringi." Nikasema sawa, ila ufundi wa shokapu ukate humo kwa sababu hazikuwa na tatizo. Akasema shokapu ziko kwenye gari yako au kwangu? Nikauliza na hii beringi unaitoaje, mna presi, ile mashine ya kuisukuma taratibu? Akasema nyundo inatosha. Beringi ya mbele ya hii gari inaingia kwa kubanwa sana, ukiigonga na nyundo unaiumiza kabla haijatembea hata kilomita moja, hilo baba alikuwa akilisema kila siku. Nikachukua funguo yangu.

Nikanunua beringi mpya Gerezani, mtaa uleule kuna fundi mwenye mashine ya presi, ikatoka ya zamani ikaingia mpya, jioni nikarudi Kibamba nikaikanyaga mpaka 80. Kimya. Nilikuwa nasikia indiketa inavyogonga. Nikapaki pembeni nikalia kidogo, maana gari ilikuwa inasikika kama enzi za baba. Nikamtumia yule kijana elfu 20 kwenye simu, hakuuliza ya nini, alijibu meseji moja tu, "Imenyamaza?"

Sasa kuhusu hiyo gereji. Niseme ukweli, hawaibi. Gari ililala pale siku mbili, betri yangu nimeikuta, jeki yangu nimeikuta, hata hela za kwenye dashibodi nimezikuta, na kwa Dar hii hilo siyo dogo. Linki walizofunga zimetulia mpaka leo. Nilitaka nimalizie kwa kusema ukiwa na kazi ndogo nenda tu, ila muombe yule kijana ndo aiguse.

Lakini hapana, nafuta. Huyo kijana alijua tangu siku ile yupo na beseni la mafuta ya taa, akasema, akafungwa mdomo, na mimi nikalipishwa laki na 60 kwa sababu mkubwa hakutaka kumsikia dogo wala mwanamke. Msiende. Shemeji kaniambia nisamehe tu yaishe, nimemwambia beringi ya zamani niko nayo kwenye buti, ukiizungusha na kidole inasaga vilevile, siku nikipita Tabata nakwenda kumuwekea mezani aiguse.