Chambo cha kuvulia ufukoni: ununue kipi, kwa maji gani

Kabla ya kutoa pesa, angalia jedwali la maji kujaa na kupwa. Maji yakisimama, hata chambo bora huishia kuliwa na kaa.

Kwangu ngisi ndiye wa kwanza. Nyama yake ni ngumu, haichomoki kwenye ndoana hata ukirusha mbali, na samaki wengi hawamkatai. Ngisi mbichi ana nyama nyeupe na ngozi yenye madoadoa. Akishageuka rangi ya waridi na kunuka, mwache hapo hapo. Mkate vipande virefu, vyembamba, upitishe ndoana mara mbili upande mmoja na mkia uachwe ucheze majini. Ncha ya ndoana lazima ibaki wazi. Kipande kinene huiziba, samaki akavuta weee, ukipandisha mshipi hakuna kitu.

Dagaa anafuata, ingawa maji yakichafuka anampita ngisi, kwa sababu samaki haoni mbali na mafuta ya dagaa yananukia. Tatizo ni ulaini: mzungushie uzi mwembamba wa mpira. Usichukue aliyepasuka tumbo. Wa kugandishwa, tazama ndani ya mfuko. Ukiona damu imeganda chini kama kitako cha barafu, huenda waliyeyuka wakagandishwa tena, na nyama itamomonyoka.

Kamba ni mtamu kwa kila samaki, wakiwemo wale wadogo wanaomdonoa hadi aishe. Kichwa kikianza kuwa cheusi, ameshakaa. Minyoo ya mchangani inafaa sana kwenye maji matulivu, ila hufa upesi, kwa hiyo nunua ya siku hiyo tu. Chambo bandia nakiweka mwisho kwa anayeanza: kinataka maji maangavu na mkono usiotulia.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, huleta mkondo mkali: beba chubwi nzito (risasi ya kuzamisha mshipi) na ngisi. Maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, yana mkondo mdogo, hapo minyoo na kamba hupata nafasi. Mimi hupenda saa mbili za mwisho za maji kujaa, hasa zikiangukia alfajiri au magharibi. Upepo wa wastani kutoka baharini hausumbui, povu huficha mshipi. Mwani ukijaa majini, hamia kwingine. Radi ikinguruma, ondoka ufukoni, fimbo ndefu mkononi ni hatari.

Ngisi akibaki, mtie chumvi nyingi; atakauka kidogo, na kesho atashika ndoana vizuri zaidi.