Kanga wa Tsavo, kororo wa Arabuko-Sokoke: pesa yangu ilikwenda wapi

Nauza leso Biashara Street, Mombasa, mwaka wa kumi na tisa huu. Madoa ndiyo riziki yangu. Mtoto wa kaka yangu aliponiambia, "Shangazi, wauza kanga na kanga mwenyewe, yule ndege, humjui," iliniuma. Ndani ya mwezi mmoja nikalipia safari mbili.

Ya kwanza Tsavo Mashariki, ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Gari tulichangiana watu sita, tukaingilia lango la Bachuma. Hata tembo hatujamwona, kundi la kanga limejaa njiani, wanachakura udongo mwekundu kama kuku wa jirani. Gari lilipowakaribia wakatimua mbio kwa miguu, maana kuruka kwao mpaka washindwe kabisa. Kichwa hakina manyoya: ngozi ya buluu, ndevu nyekundu, na utosini kipembe cha mfupa. Madoa meupe, mwili mzima, juu ya rangi ya makaa. Ukimwona hivyo huulizi kwa nini wengi husema nguo ilipata jina kwake.

Nilimwomba dereva asimame dakika mbili. "Mama, hao ni kuku tu, twende tukamtafute simba." Simba tulimwona mkia, nyuma ya foleni ya magari. Kwa huduma ile natoa nyota mbili, na zote mbili ni za kanga.

Ya pili ilikuwa ya kumtafuta kororo, jamaa yake kanga anayeishi msituni. Nilipanda matatu ya Malindi, nikalala Gede kwa shoga yangu, na saa kumi na mbili asubuhi nikawa mlangoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Nilimlipa kijana wa Kigiriama anitembeze. Kabla hata ya salamu kwisha akaitazama leso niliyojitanda, ya manjano ya kuwaka, akaniomba kwa adabu niikunje niitie mkobani. Muuza leso kuambiwa afiche leso! Nikaikunja.

Tulitembea zaidi ya saa nzima, na cha kutuonyesha hakuna, sauti tu, ya kukwaruza, mara kulia mara kushoto. Mbu walinila. Kisha yule kijana akasimama, akaelekeza kidole juu, si chini. Kima. "Tukae hapa, mama. Hawa wakila matunda, mengi huyaangusha. Kororo huwafuata." Tukakaa kwenye gogo mpaka miguu ikafa ganzi.

Majani makavu yakaanza kusema. Wakatoka mmoja mmoja, nikahesabu saba, wanafukua chini ya mti ule ule. Kororo hana kipembe. Ana kishungi cheusi cha manyoya yaliyojisokota, kama mtoto aliyekimbia kitana. Jicho jekundu, uso mwekundu, shingo ya buluu. Kwa mbali ukamwita mweusi tupu. Mwale wa jua ulipompata mgongoni ndipo nikayaona madoa: madogo kuliko ya kanga, na si meupe, yana ubuluu uliopauka. Kuna vitambaa vya namna hiyo, mteja huvipita kwenye rafu mpaka uvifungue mlangoni penye mwanga. Kijiti kikavunjika chini ya kiatu changu, nao wakayeyuka. Sidhani walifika dakika tatu.

Kijana namlaumu kwa darubini tu, jicho moja lina ukungu. Mengine yote nyota tano. Kanga hahitaji kiongozi, atakukuta mwenyewe barabarani. Pesa yako ya kiongozi iweke kwa kororo, maana bila mtu anayejua kuwasoma kima utarudi na ngeu za mbu na hadithi ya sauti.

Na wale mtakaoniuliza mchuzi wake: uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977, basi wote wawili waacheni huko huko. Kanga niliyewahi kumla alikuwa wa kufugwa, nyama ngumu, alitaka nazi mbili na subira ya mchana kutwa.

Tangu nirudi nimeshapekua dukani mwangu na maduka mawili ya jirani, leso ya madoa ya kororo sijaipata. Ila ya kahawia isiyowaka ninayo, nimeshaitenga. Mwezi ujao narudi Gede, na mtoto wa kaka yangu ndiye atakayelipa nauli.