RCBO ya miliampea 30 kwa pampu ya majitaka: inafaa, ila ifungwe na kengele

Tunayoipima hapa ni RCBO, yaani breka inayokata pia stima inapovuja, ya ampea 10, aina C, miliampea 30, inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya stima katikati ya Nairobi. Kwa pampu ya kuzamishwa ya kilowati 0.75, kwenye stima yetu ya volti 240, tunaipa alama 4 kati ya 5.

Sakiti breka ya kawaida haimlindi mtu aliyetia mkono shimoni. Miliampea 30 zikipita mwilini, moyo tayari unakaribia hatari, na breka ya ampea 10 haihisi chochote. RCBO hulinganisha stima inayokwenda kwa laivu na inayorudi kwa nyutro. Pengo likifika miliampea 30, hukata ndani ya sekunde 0.3. Hukata pia shoti na ovalodi kubwa.

Usikubali kuuziwa aina B. Pampu hii hula ampea 5 hadi 6 ikizunguka, lakini inapoanza hupanda hadi 30 hivi, na hapo ndipo aina B ya ampea 10 inaweza kukata bila kosa lolote. Aina C huvumilia hadi 50.

Alama moja tumeiondoa kwa sababu ikikata, pampu hunyamaza na shimo hujaa bila mtu kujua. Wakati wa masika hilo ni janga. Funga kengele ya betri yenye boya lake, juu kidogo ya boya la pampu, lile linaloiwasha maji yakipanda. Pampu nayo iwe na laini yake, isichangie na friji wala taa.

Ikikata, usiirudishe tena na tena. Ikikata baada ya dakika kadhaa za kuzunguka, shuku sili ya shafti: maji yanaingia kwenye mota. Ikikata mara tu boya linapoinuka, angalia kiungio cha waya. Tepu haizuii maji, kwa hiyo kiungio kitoke shimoni kiingie kwenye boksi la IP65, lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa. Ikikata pampu imetulia, huenda nyutro imegusana na waya wa ardhi. Fundi apime kwa mega, kipimo cha uvujaji wa stima kwenye waya, ya volti 500. Chini ya megaomu 1, pampu itolewe.

Bonyeza kitufe cha T, cha kujaribu RCBO, kila mwezi. Lakini kitufe hicho hakipimi waya wa ardhi, kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya. Waya huo ukikosekana, RCBO husubiri mpaka mtu aguse ndipo ikate.