Kupima selimundu: kioo na hadubini, au elektroforesisi?

Jeni ya HBB, kwenye kromosomu ya 11, hutoa maelekezo ya kutengeneza beta-globini, sehemu ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Herufi moja maalumu ikibadilika katika nakala zote mbili, mtoto ana selimundu (SS). Katika nakala moja, ni mbebaji (AS).

Kipimo cha kioo ni tone la damu, tone la kemikali ya sodiamu metabaisalfaiti, kifuniko na subira. Ukichungulia hadubini, seli zimejikunja kama mundu. Kwa unafuu hakina mpinzani. Lakini hakitofautishi SS na AS, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 kinaweza kusema hana, kumbe anao. Hilo linaniuma, maana mzazi anarudi nyumbani ametulia.

Elektroforesisi hutenganisha himoglobini kwa chaji: A (ya kawaida), S (ya selimundu) na F (ya kichanga), kila moja na mstari wake. Ni ghali zaidi, inataka umeme wa uhakika na mtaalamu wa maabara aliyeizoea.

Wachumba, au wenye kichanga: elektroforesisi, hata kwa kusafiri. Mtu mzima mwenye maumivu ya mifupa, zahanati ya mbali: kioo kwanza, leo leo.